Desa la Umeme: Namna ya Kuoanisha Plagi na Mashine Bila Kusumbua Kichwa

Ndugu yangu wa Endamarariek, hukusomea umeme na huna mpango wa kuusomea. Una mashine ya kupukuchua mahindi uliyoichukulia mkopo, au kinu cha kusaga, au mashine ya kuchomelea mageti, na msimu umeanza. Magunia yamepangwa ukutani, wateja wamekaa juu yake, na macho yote yako kwenye ile plagi kubwa ya duara uliyoishika. Unataka mambo mawili: mashine izunguke, na watu waone unajua unachofanya. Yote mawili utayapata.

Njia ni kudesa. Usishtuke. Waliotunga IEC 60309, kiwango cha kimataifa cha plagi na soketi za viwandani, walijua kwamba atakayeshika plagi si lazima awe mhandisi. Anaweza kuwa kibarua wa siku ya kwanza, usiku, mvua inanyesha, bosi anapiga kelele. Kwa hiyo waliyaandika majibu juu ya plagi yenyewe: kwa rangi, kwa idadi ya pini, kwa mahali pini moja ilipokaa, na kwa namba. Kazi yako ni kuchungulia tu. Hakuna msimamizi wa kukukamata.

Hatua ya kwanza: soma kibao, kwa sauti

Usianze na plagi. Anza na mashine. Kila mota ina kibao cha bati kilichopigiliwa ubavuni, na mara nyingi kimefunikwa na unga uliogandana na grisi. Kifute kwa kitambaa, kipige picha kwa simu, picha uitunze. Tafuta vitu vitano basi: V ni volti, Hz ni mapigo ya umeme kwa sekunde, A ni ampea, kW (kilowati) au HP (hospawa) ni nguvu, na alama ya 1~ au 3~ inakwambia ni njia moja au njia tatu, yaani fezi moja au fezi tatu.

Sasa kisome kwa sauti. "Volti mia nne, fezi tatu, kilowati kumi na tano." Waliokaa kwenye magunia watanyamaza. Kuanzia siku hiyo utaitwa injinia, na jina hilo limekugharimu kitambaa tu.

Kuna mstari mmoja kwenye kibao ambao umechoma mota nyingi kuliko mingine yote: ule wenye pembetatu na herufi Y. Kikisema Δ/Y 230/400 V, basi kwenye njia tatu za Tanzania mota hiyo hufungwa kwa Y, mafundi huita sta. Kikisema Δ/Y 400/690 V, hufungwa kwa pembetatu, yaani delta. Vibao vya zamani husema 220/380 au 240/415. Hao ni ndugu wa ile ya kwanza. Ukiifunga ya kwanza kwa delta, koili zilizotengenezwa kwa volti 230 zinapewa 400. Harufu utaisikia kabla gunia la kwanza halijaisha, na bei ya kusuka mota upya haitakuwa ndogo. Kwa hiyo picha ya kibao mwonyeshe fundi kabla hajafungua kile kiboksi cha juu ya mota. Fundi mzuri atafurahi. Fundi atakayekwambia "mimi hizi nazijua kwa macho" mshukuru, umpe soda, kisha mtafute mwingine.

Hatua ya pili: jua nyumba yako ina njia ngapi

TANESCO inamletea mteja wa kawaida volti 230 kwa njia moja, au volti 400 kwa njia tatu, na zote ni Hz 50. Volti 230 ni kati ya fezi na nyutro. Volti 400 ni kati ya fezi na fezi. Ukitaka kung'ara zaidi mbele ya wateja, waambie kwamba ukizidisha 230 kwa 1.732 unapata 398, ndiyo hiyo 400. Hawatauliza 1.732 imetoka wapi.

Miradi ya REA imeleta nguzo vijijini, na ile ada ya shilingi 27,000 ya kuunganishiwa njia moja iliwafanya wengi waingize umeme kwa mara ya kwanza. Njia moja inatosha taa, friji, televisheni na kinyozi. Mota ya kinu ya hospawa 20 inataka njia tatu. Kujua unayo ipi, tazama waya unaotoka nguzoni kuja kwako, utazame kwa macho tu: nyaya mbili ni njia moja, nyaya nne ni njia tatu. Kisha tazama breka kuu. Yenye vitasa vitatu au vinne vilivyounganishwa pamoja ni ya njia tatu.

Ukikuta njia moja na mashine ni ya njia tatu, hakuna plagi duniani itakayokusaidia. Omba njia tatu TANESCO, na kazi ya ndani umpe mkandarasi mwenye leseni ya EWURA. Kama mota ni ndogo, ya hospawa mbili au tatu, ipo njia ya mkato halali: inveta ya mota, kile kisanduku kinachopokea njia moja na kutoa njia tatu. Ila angalia vizuri hapa. Inveta ya namna hiyo ikipokea 230 hutoa njia tatu za 230, kwa hiyo ile mota ya Δ/Y 230/400 safari hii inafungwa delta. Ndiyo maana nilikwambia utunze picha.

Na kabla hujanunua plagi yoyote, jiulize swali la mvivu: je, mashine hii inahama? Kinu kilichomwagiwa zege hakihami. Hakihitaji plagi kabisa. Fundi akiunganishe moja kwa moja kupitia meinswichi na stata yake, na hatua zote zinazofuata umeziruka. Plagi ni ya vitu vinavyotembea: mashine ya kupukuchua inayokwenda shamba kwa shamba, mashine ya kuchomelea, pampu ya kuazimana, jenereta.

Hatua ya tatu: rangi

Hapa ndipo desa linapokuwa tamu. Njano ni volti 100 hadi 130. Bluu ni 200 hadi 250. Nyekundu ni 380 hadi 480. Zipo na zambarau, nyeupe, nyeusi na kijani, lakini hizo ni za shughuli ambazo huenda usizikute huku, kwa hiyo zipite.

Kwa umeme wa kwetu, basi, bluu ni njia moja na nyekundu ni njia tatu. Magari ya kulala ya watalii kutoka Ulaya, yanayopita Karatu kuelekea lango la Ngorongoro, huwa na plagi ya bluu ya pini tatu, ampea 16. Mwenye kambi aliyefunga soketi ya bluu nje anampokea mgeni huyo bila kuzungumza lugha moja naye. Mgeni anaona rangi, anachomeka, analala.

Inayoleta msiba ni njano. Kwenye maeneo ya ujenzi ya Uingereza zana za mkono hutumia volti 110, kutoka kwenye transfoma ambayo kila waya wake una volti 55 tu kwenda ardhini. Walifanya hivyo ili kibarua akiguswa na waya uliochubuka abaki hai. Zana hizo zikija huku kwa mitumba, drili nzuri, mashine imara ya kukatia vigae, zinakuja na plagi ya njano. Haiingii popote, si ndiyo? Kwa hiyo mtu anachukua kisu, anaikata, anafunga plagi ya kawaida ya ampea 13, anawasha. Drili inazunguka kwa kasi ya ajabu, watu wanapiga makofi, halafu moshi. Ile plagi ya njano ilikuwa ndiyo onyo pekee lililobaki kwenye drili ile baada ya kibao kufutika, nalo limekwenda na kisu. Ukikuta njano, nunua transfoma ya kushusha 230 kuwa 110, au mwachie muuzaji drili yake.

Mashine kutoka Marekani zina hadithi inayofanana na hiyo, pamoja na nyongeza yake. Plagi zake zina pini bapa, volti ni 120, na kibao kinasema Hz 60. Transfoma itarekebisha volti. Haitarekebisha Hz. Mota iliyopangwa kuzunguka kwa Hz 60, ukiipa Hz 50, itazunguka kwa sehemu tano kati ya sita za kasi yake na kupata joto zaidi. Kwa blenda unaweza kuvumilia. Kwa pampu au mashine ya hospitali iliyokuja kama msaada, muulize mtengenezaji kwanza, kwa maandishi, kabla mtu yeyote hajaisogelea soketi.

Hatua ya nne: hesabu pini

Pini tatu: fezi, nyutro, ethi. Pini nne: fezi tatu na ethi. Pini tano: fezi tatu, nyutro na ethi.

Mota peke yake inaridhika na pini nne. Lakini mashine ikiwa na taa ndogo, kipima muda, au swichi za umeme zinazotumia volti 230 ndani yake, inahitaji nyutro, na hapo ni pini tano. Desa la haraka: hesabu nyaya kwenye waya mkubwa uliotoka kiwandani na mashine. Nyaya tano, pini tano.

Utakutana na mtu atakayekushauri kwamba mashine ya pini tano inaweza kupelekwa kwenye soketi ya pini nne, nyutro ukaifunga kwenye ethi, "ni kitu kimoja tu". Mkatalie papo hapo. Mashine itafanya kazi, na hilo ndilo baya lake, kwa sababu hutaona tatizo. Siku waya wa ethi utakapolegea, bodi lote la chuma litashika umeme, na atakayeliegemea ni mama aliyekuja na debe lake la mahindi, miguu ikiwa kwenye sakafu ya udongo yenye unyevu. Mimi katika jambo hili sina mzaha hata kidogo. Mkato huo usifanyike kwako, wala kwa jirani yako ukiwa unaona.

Hatua ya tano: tazama saa

Hii wengi hawaijui, kwa hiyo ndiyo itakayokupa sifa kubwa. Pini moja ni nene kuliko wenzake. Kwenye plagi ya ampea 16 ina milimita 7, zingine milimita 5. Hiyo ni ethi. Simama mbele ya soketi, ule mfereji wa kuongozea plagi ukiwa chini kabisa, ufikirie uso wa saa. Tundu pana la ethi limekaa kwenye tarakimu gani? Jibu limeandikwa pia ubavuni: 6h, 4h, 3h, 9h.

Angalia mtego. Tunaongelea tarakimu iliyochapwa kwenye saa, si saa tunayoitamka. Mshale ukiwa kwenye 6, Endamarariek ni saa kumi na mbili; lakini kwenye plagi 6 ni ile ya chini, mahali mfereji ulipo. Ukimpigia simu mtu wa dukani ukamwambia "saa sita", naye akafikiria juu, mmepotezana. Mwambie "sita ya chini".

Bluu ya pini tatu ni 6h. Nyekundu ya pini nne au tano kwa volti 400 ni 6h. Njano ya pini tatu ni 4h. Bluu yenye pini nne, 9h, ni fezi tatu za volti 230, na hiyo TANESCO haikuletei. Nyekundu ya 3h ni ya makontena ya baridi, yale yanayopakiwa melini. Siku hizi watu hununua kontena kuukuu la namna hiyo wakalifanya ghala la mboga au maziwa. Linakuja na plagi nyekundu, pini nne, ampea 32, na mwenyewe anashangaa kwa nini haiingii kwenye soketi yake nyekundu, pini nne, ampea 32. Kila kitu kinafanana ila saa. Dawa yake ni soketi ya 3h ukutani, na mtu wa majokofu wa kuthibitisha kibao kabla ya kuwasha.

Saa hiyo ndiyo kitasa. Rangi unaweza kuipaka, maandishi yanaweza kufutika, lakini pini nene iliyokaa 3 haitaingia kwenye tundu lililokaa 6 hata ukiisukuma kwa goti.

Hatua ya sita: ampea, kwa hesabu ya vidole

Saizi ni nne: 16, 32, 63 na 125. Hazichanganyiki, ya 32 haiingii kwenye ya 16. Kanuni ya kudesa ni hii: kwenye njia tatu za volti 400, kila kilowati moja ya mota ni ampea 2. Hospawa moja ni robo tatu ya kilowati. Basi hospawa 10 ni kilowati 7.5, ni ampea 15. Hospawa 20 ni kilowati 15, ni ampea 30. Kwenye njia moja ya volti 230 mota hula zaidi: hesabu ampea 7 kwa kila kilowati.

Ampea 15 kwenye plagi ya 16 inaingia, lakini nunua ya 32. Mota ikianza kuzunguka huvuta mara tano hadi saba ya kawaida yake kwa muda mfupi, na mpukuchuo wa mahindi mabichi kidogo hauipi mota nafasi ya kupumua. Tofauti ya bei utaisahau. Plagi iliyoungua katikati ya msimu hutaisahau. Waya nao uwe wa kulingana: 2.5 mm² kwa ampea 16, 6 mm² kwa ampea 32, na ukivuta mbali hadi shambani panda saizi moja juu. Nunua wenye alama ya TBS, na uukate mbele ya muuzaji uone kama ndani ni shaba tupu au ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba.

Na usichomoe plagi mashine ikiwa inazunguka. Zima kwa swichi, subiri isimame, ndipo uchomoe. Huo ndio utaratibu wa mtu mwenye heshima zake, na pini zako zitakaa miaka bila kuwa na makovu meusi.

Mashine ya kuchomelea ina ukurasa wake

Mashine nyingi za kuchomelea zinazozunguka kwenye karakana zetu zina sehemu mbili za kufungia waya: 220 na 380. Fundi akiwa nyumbani anatumia 220, kwa fezi na nyutro. Akipata kazi penye njia tatu anahamisha waya kwenda 380, anatumia fezi mbili, na mashine inachomelea vizuri zaidi. Ni busara. Kosa ni kwamba anahamisha waya bila kubadili plagi. Kesho kijana wake anaichukua mashine, anaona plagi ya bluu, anaichomeka penye 230 na kulalamika kuwa haina nguvu. Hiyo ni bahati njema. Bahati mbaya ni pale inaporudishwa 220, plagi nyekundu ikabaki, akaichomeka penye 400.

Desa lake: tengeneza nyaya mbili fupi, moja ya bluu, moja ya nyekundu, kila moja ikiwa na plagi yake. Ukihamisha ndani, unabadili na waya. Plagi iseme ukweli wa ndani kila siku. Kijana wako hatahitaji kukupigia simu.

Mikato ya kuacha

Najua unaijua, kwa hiyo nitaipitia haraka. Kuchomeka nyaya tupu kwenye soketi na kuzibana kwa njiti za kiberiti. Kuchokonoa tundu la ethi kwa kalamu ili vizuizi vya ndani vifunguke na plagi ya pini mbili iingie. Kufunga karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ya ampea 13. Kukata pini ya ethi kwa msumeno. Kila mmoja unafanya kazi hiyohiyo: unainyamazisha soketi iliyokuwa inakukatalia kwa sababu. Na kila mmoja unakufanya uonekane mtu wa njaa mbele ya wateja, wakati sisi hapa tunatafuta sifa.

Jenereta ndiyo inayotaka maneno zaidi. Loji za Karatu zinayo, maduka yanayo, na umeme ukikatika jioni kuna mtu mahali anachukua waya wenye plagi ya pini ncha zote mbili, anachomeka upande mmoja kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka. Pini anazozishika mkononi zina volti 230, uchi. Na kama hakuzima meinswichi, umeme wake unarudi kwenye waya wa mtaani, unapita kwenye transfoma kinyumenyume na kupanda kuwa maelfu ya volti, na juu ya nguzo kuna kijana wa TANESCO anayeamini laini imezimwa. Kariri hili moja: umeme unakotoka pawe na matundu, unakokwenda pawe na pini. Kwa jenereta ya nyumba mwite fundi akufungie swichi ya kuhamisha, ile inayokubali upande mmoja tu kwa wakati mmoja.

Ndani ya plagi, fuata herufi

Ukifungua plagi utaona L1, L2, L3, N na alama ya ethi. Zifuate hizo. Rangi za nyaya zitakudanganya, maana nchini zipo familia mbili. Nyumba za zamani: nyekundu, njano na bluu ni fezi, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Mashine mpya: kahawia, nyeusi na kijivu ni fezi, bluu ni nyutro, kijani-njano ni ethi. Uingereza, iliyotuachia rangi za zamani, ilianza kuzihama mwaka 2004 na kufikia 2006 ikawa imeziondoa kwenye kazi mpya. Umeona zinapogongana? Nyeusi ilikuwa nyutro, sasa ni fezi. Bluu ilikuwa fezi, sasa ni nyutro. Fundi akiunga rangi kwa rangi, nyumba ya zamani na mashine mpya, ile sehemu ya mashine inayotumia volti 230 inapata 400. Aunge kwa kupima kwa mita, herufi kwa herufi, meinswichi ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa mfukoni mwake.

Mota ikizunguka kinyume, usihuzunike. Hakuna kilichoharibika. Fundi azime, abadilishane fezi mbili kati ya tatu, basi. Pampu ya kisima ikitoa maji kidogo tangu siku ya kwanza, mwambie aangalie hilo kabla hujamlaumu aliyechimba kisima.

Vumbi la unga

Kwenye plagi kuna IP44 au IP67. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP44 inazuia vitu vinene kuliko milimita 1 na maji ya kurukia. Unga si mnene hivyo. Kwa nyumba ya kusagia chukua IP67, isiyopitisha vumbi kabisa, ile yenye pete ya kuzungusha hadi ikaze. Usipoikaza pete, umelipia 67 ukapata pungufu.

Hatua ya mwisho: kushindwa kwa heshima

Itatokea siku plagi ikakataa. Wateja wanatazama. Usisukume, wala usiite mtu mwenye nyundo. Rudisha kifuniko, kunja waya taratibu, toa simu, fungua picha ya kibao, itazame kwa sekunde chache huku umekunja uso, kisha sema: "Hii ni ya volti tofauti. Naenda kuchukua inayostahili." Umeshindwa, na wamekuheshimu zaidi.

Kisha panda gari uende Karatu, na kama hamna, Arusha. Ukifika kaunta sema hivi: "Habari za kazi, kaka. Nataka plagi na soketi yake. Nyekundu, volti 400, ampea 32, pini tano, 6h ya chini, IP67." Anaweza kukujibu, "Bosi, chukua hii ya pini nne, bei nafuu, itafanya kazi tu." Mjibu kwa upole, "Mashine yangu inatumia nyutro, kaka." Ataingia stoo.

Akizileta, ziunganishe palepale juu ya kaunta kabla hujalipa. Sukuma, zungusha pete, vuta, achia kifuniko uone kama kinarudi chenyewe. Soma ubavuni, linganisha na picha. Na risiti iandikwe yote sita, rangi, volti, ampea, pini, saa na IP, ili ukikuta kasoro uweze kurudisha bila kubishana.